Mfyonzi, si Mumiani

Wanaotutungia istilahi za fasihi wameamua kwamba vampaya wa riwaya za Kigothi aitwe mumiani. Napinga, na sitachoka kupinga.

Mumiani ni neno lililosafiri. Asili yake ni Kiajemi, dawa nyeusi mfano wa lami. Waarabu wakaiita mumiya, na humo Wazungu wakapata jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Katika pwani yetu iliingia kama dawa, kisha ikavuma kwamba hutengenezwa kwa damu ya watu, hata jina likamhamia anayeikinga damu hiyo usiku. Mumiani basi ni mtu wa biashara. Hampendi anayemchinja, wala hana haja ya kumjua.

Sasa msome Carmilla wa Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Dublin, aliyetoka kwa mfululizo mwaka 1871 na 1872, miaka 25 kabla ya Dracula. Binti wa mlinzi wa msitu anakufa upesi, anazikwa, basi. Laura, msimulizi, hafanyiwi hivyo. Vampaya Carmilla anamshika mkono, anambusu shavuni huku akihema, anamwapia kwamba wao ni kitu kimoja milele. Na Laura anakiri kuvutwa na kuchukizwa kwa pamoja. Le Fanu mwenyewe anafafanua mwishoni: kuna mtu ambaye vampaya humwandama kwa uchu unaofanana na mapenzi, akimbembeleza kama mchumba. Njaa na mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke havitengani humo. Mumiani atayabebaje?

Wengine wanaleta mnyonyadamu. Tangu Azimio la Arusha, 1967, mnyonyaji kwetu ni bepari. Wengine wanathubutu kusema vampaya jike, kana kwamba Carmilla ni mbuzi! Hata usagaji hautoshi kwa mapenzi hayo: unataja tendo, na Le Fanu aliandika shauku.

Neno langu ni mfyonzi. Nyuki hufyonza ua polepole, kwa kina, na ua halifi papo hapo. Fyonza huzaa mfyonzi kama uguza inavyozaa muuguzi, na sikioni linakaa jirani na mpenzi, mahali pake hasa. Kamati ya istilahi niliyoipelekea ilijibu kwamba neno halina mizizi. Mizizi gani tena, na kitenzi kimo vinywani mwa kila mfuga nyuki?

Matumizi: mfyonzi, wafyonzi, ufyonzi. Na kwa kuwa “anampenda” haisemi nani mwanamke, mfasiri aandike “binti” mara tu Carmilla anapoingia.