Wimbo wa "Mambo kwa Soksi" na Njia Zake za Kuwafikia Wananchi

Historia ya muziki wetu wa dansi haiwezi kueleweka vema bila kujua jinsi wimbo mpya ulivyokuwa ukitolewa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Kwa miaka mingi bendi zetu zilikwenda Nairobi kurekodi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa ngumu mno. Lango kuu likabaki kuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, katika Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Bendi ilipeleka maneno ya nyimbo zake yakaguliwe. Yakikubaliwa ilirekodi, na siku wimbo uliposikika hewani ndiyo iliyokuwa siku ya kutolewa kwake. Watu wa Buguruni, walio jirani na studio hiyo, waliupata wimbo mpya kwa njia ileile waliyoupata watu wa Kigoma na Songea.

Je, wimbo ulionyimwa lango hilo ulikuwa na maisha gani? Jibu tunalipata katika wimbo wa "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, uliojitokeza mwaka 1990.

Remmy alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 akajiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Orchestra Matimila. Aliimba juu ya umaskini, kifo na unyonge wa mtu wa chini, na wapenzi wake wakamwita Daktari. Mwaka 1989 albamu yake, Songs for the Poor Man, ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Hivyo mwimbaji ambaye sahani zake ziliuzwa Ulaya alikuwa bado akitegemea lango moja tu ili asikike nchini alikoishi.

Wakati huo nchi ilikuwa katika msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla ya muda mrefu hapakuwa na mkoa uliosalimika. Hapakuwa na dawa ya kuudhibiti ugonjwa huo ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuipata. Silaha iliyokuwapo ilikuwa ni maneno, yaani kumwambia mtu jinsi ya kujikinga, naye aelewe.

Hapana budi tuangalie jinsi lugha ilivyoupokea ugonjwa huu. Huko Kagera watu waliuita Juliana, jina la nguo ya fahari iliyoletwa na biashara ya mpakani. Mitaani Dar es Salaam herufi za jina lake la Kiingereza zilifanyiwa mzaha mchungu: "Acha Iniue Dogodogo Siachi." Tunaona basi kwamba wananchi hawakuwa wamekaa kimya, walikwisha kuusema ugonjwa kwa mafumbo yao. Remmy alifuata desturi hiyohiyo. Kondomu aliiita soksi, jina la vazi la mguuni ambalo mzazi anaweza kulitamka mbele ya mtoto wake. Ikiwa ugonjwa ulikuwa umepewa jina la nguo, kinga nayo ikapewa la kwake.

Radio Tanzania haikukubali kuupiga wimbo huo. Wasiwasi ulikuwa wa maadili: wengi waliamini kwamba kuitaja kinga hadharani ni sawa na kuruhusu uasherati. Si haki kuidharau hoja hiyo. Redio ilikuwa moja, nayo iliingia katika kila nyumba, kwa mzee na kwa mtoto. Waliokabidhiwa kuilinda walijua kwamba hawamchagui msikilizaji. Aidha, redio hiyohiyo ndiyo iliyozirekodi bendi zetu kwa miaka mingi na kuzihifadhi kazi zao. Lakini inafaa tuseme pia kwamba katika Kiswahili fumbo ni sehemu ya adabu. Aliyesema soksi alikuwa amekwisha kulisitiri jambo lenyewe. Kilichokataliwa kwa jina la adabu kilikuwa kimevikwa adabu tayari.

Wimbo haukufa. Matimila waliupiga katika kumbi, na waliohudhuria wakatoka nao midomoni. Kaseti zikanakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Kariakoo ilikuwa soko la kaseti kama ilivyokuwa soko la khanga na nafaka, na kutoka hapo Barabara ya Uhuru inapita Ilala hadi Buguruni. Kaseti haikuhitaji kibali cha kamati. Ilihitaji betri tu. Hata hivyo tusiukuze ushindi huo kupita kiasi. Kaseti ilimfikia mwenye kinasa sauti, au aliyeishi karibu naye. Mkulima wa kijiji cha mbali, mwenye redio ndogo tu, hakufikiwa na wimbo uliokosa kibali, naye alikuwa katika hatari ileile.

Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na lango likaacha kuwa moja. Mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Maneno ambayo miaka tisa kabla yalionekana hayafai hewani yakawa sasa yanahimizwa. Remmy, ambaye miaka yake ya mwisho aliimba nyimbo za Injili, alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Wananchi walikwisha kuliita eneo alikoishi "Sinza kwa Remmy".

Tunapofundisha fasihi simulizi, ni kawaida yetu kueleza fumbo kana kwamba ni pambo la lugha. Wimbo huu unatufundisha kwamba fumbo ni chombo cha kazi: hutuwezesha kusema jambo la lazima bila kuvunjiana heshima. Inafaa wanafunzi waulize katika kila zama ni jambo gani la lazima halijapata jina linaloweza kutamkwa nyumbani, na ni nani atakayelitafuta.