Kalamu ya Sayyida Salme

Kisa cha Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar, huhadithiwa kama riwaya ya mahaba: alimpenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akatoroka kwa manowari ya Waingereza mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata. Ni kweli, lakini ujasiri wake ulitangulia mapenzi. Katika jumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma tu, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kuandika huko ndiko kulikomfanya, angali kigori, awe karani wa uasi wa kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid, mwaka 1859. Atakayesema kwamba ndugu zake walimtumia hakosei sana. Ila Ruete alipofariki mwaka 1870, akamwachia watoto watatu katika nchi ya ugenini, na mjane huyo akaja kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, hapo hakuwa karani wa mtu. Tena kitabu hicho hicho kinautetea utumwa, jambo ambalo wapenzi wa kisa chake hupenda kuliruka. Uhuru aliojitwalia mwenyewe hakuwatakia watumwa wa jumba la baba yake.