Njia Ilikuwa ya Nani?

Anayetaka kuuelewa ugomvi mkubwa wa mchezo wa besiboli aanze na rede. Rede mnaijua, hasa akina dada: wawili wamesimama huku na huku wakitupiana mpira wa matambara, mmoja yuko katikati na chupa yake, anajaza mchanga na kukwepa. Mpira ukimpata mwilini, ametoka. Hapa kwetu Kibiti inachezwa mpaka giza linaingia, na ugomvi wake ni ule ule. "Umeguswa!" "Sijaguswa, ni gauni!" Mwamuzi hakuna. Mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki, na mwenye mpira akitishia kuondoka nao kwao, basi hakimu ni yeye.

Wamarekani nao walikuwa na rede yao. Kabla ya besiboli ya leo walikuwa na michezo ya kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo, na mkimbiaji alitolewa kwa kupigwa na mpira akiwa katikati ya safari. Kisha tarehe 23 Septemba 1845 klabu ya Knickerbocker ya New York ikaandika kanuni zake, na ya 13 ikapiga marufuku jambo hilo. Mkimbiaji asitupiwe mpira. Ama mlinzi amwahi kituoni akiwa na mpira mkononi, ama amguse nao.

Kanuni hiyo husifiwa kwa kuleta ustaarabu. Mimi naona iliondoa maumivu madogo ikakaribisha makubwa. Maana ukimkataza mlinzi kutupa, umemlazimisha asogee. Yeye na mkimbiaji sasa lazima wakutane, miili miwili, mahali pamoja, na mmoja yuko mbioni. Wenyewe waliotunga waliliona hilo, kwani kanuni ya 14 inasema mkimbiaji atakayemzuia mlinzi kuudaka au kuupata mpira, ametoka. Kwa hiyo kesi ya mgongano ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Lakini nisiende mbio. Mimi mwenyewe sijapata kuuona mchezo huu ukichezwa Kibiti, na nadhani wasomaji wengi wameuona kwenye filamu tu. Uwanja una vituo vinne katika pembe za mraba, futi 90 kutoka kimoja hadi kingine. Mpigaji huanzia kituo kinachoitwa nyumbani, anaupiga mpira, anatimua mbio kuvizunguka vituo vile vitatu, na akirudi nyumbani salama timu yake inapata pointi. Nyumbani hapo amechuchumaa mdakaji, kavaa kinyago cha chuma na ngao kifuani. Huyo ndiye mlinzi wa mlango, na mambo mengi ya hatari humkuta yeye.

Mwamuzi anapoona watu wamegongana, haulizi nani kaumia. Hapo anatofautiana na sisi. Ajali ikitokea kwetu hapa Barabara ya Kilwa, watu wakishakusanyika neno la kwanza ni hilo hilo, "nani kaumia?", na mwenye damu anapewa haki, na mwenye gari kubwa anapewa kosa hata kabla hajashuka. Mwamuzi wa besiboli anauliza: njia ilikuwa ya nani wakati ule? Na jibu linaweza kubadilika ndani ya sekunde mbili. Mpira umepigwa, unabingirika chini: njia ni ya mlinzi anayeuendea. Mkimbiaji amzunguke, na akimgonga, hata kwa bahati mbaya, ametoka. Walinzi wakiwa wawili wanaugombea, mwamuzi huchagua mmoja tu wa kulindwa. Mpira ukishampita, njia imerudi kwa mkimbiaji, na mlinzi asiye na mpira ni kama gogo lililoangukia barabarani. Na hiyo njia usidhani imechorwa kwa chokaa. Mlinzi anapojaribu kumgusa mkimbiaji, njia ni mstari ulionyooka kutoka pale mkimbiaji alipo mpaka kituo anachokiendea, na ruhusa ya futi 3 kila upande. Yaani mtu anakimbia na barabara yake miguuni.

Hebu tuitazame kesi moja. Tarehe 26 Oktoba 2013, mjini St. Louis, ni mechi ya tatu ya fainali kati ya Cardinals wa hapo na Red Sox wa Boston. Wako 4 kwa 4, kipindi cha 9, ambacho ndicho cha mwisho. Allen Craig wa Cardinals anakikimbilia kituo cha tatu. Mdakaji wa Boston, Jarrod Saltalamacchia, anautupa mpira huko ili awahiwe, mpira unaenda kombo. Will Middlebrooks, mlinzi wa kituo hicho, anajirusha kuudaka, anaukosa, anabaki kalala kifudifudi. Craig anainuka aelekee nyumbani, anajikwaa juu ya mwili wa Middlebrooks, anaanguka, anainuka tena akichechemea. Mpira unafika nyumbani kabla yake. Anaguswa. Watu wa Boston wanadhani wamepona! Kumbe mwamuzi wa kituo cha tatu, Jim Joyce, amekwishatoa ishara: kizuizi. Mwenzake wa nyumbani, Dana DeMuth, anampa Craig pointi yake, na mechi inaishia hapo hapo, 5 kwa 4.

Je, Middlebrooks alikusudia? Miguu yake iliinuka kidogo, na wapo waliosema ni makusudi, lakini hukumu haikuhitaji jibu la swali hilo. Kanuni ya kizuizi haiulizi nia. Tena maelezo yake yanataja hali ile ile: mlinzi aliyejirusha, akaukosa mpira, akaendelea kulala njiani mwa mkimbiaji.

Nilikisimulia kisa hiki kijiweni, kwa washikaji wa bodaboda. Wote walisema Joyce kaonea. Mtu kaanguka, ayeyuke? Mzee mmoja wa Salale, aliyekuwa kaja na kaa wake wa kuuza, alituacha tubishane mpaka tukachoka, halafu akauliza, "Kwani wanangu, mtumbwi uliokwama hauzibi mto?"

Swali la mzee lilinifanya nifikirie delta. Kule mto Rufiji unagawanyika mikono mingi iliyosongwa na mikoko, maji yanajaa na kupwa, na mahali pengine mtumbwi wa kasia, mashua ya tanga na boti ya mashine vinatumia mkondo mmoja. Ziko kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo baharini, za mwaka 1972, nazo pia zinagawa njia: chombo cha mashine kikipishe cha tanga, lakini kwenye mkondo mwembamba cha tanga kisikizuie kile ambacho hakiwezi kupita salama kwingine. Zina jambo moja zaidi. Hata mwenye haki ya njia, akiona mwenzake hapishi na ajali imekaribia, lazima naye afanye la kuiepusha. Majini hakuna mwenye haki ya kugonga. Katika besiboli haki hiyo ilikuwepo, pale nyumbani kwa mdakaji, na ilidumu miaka zaidi ya mia.

Ilikujaje? Kwanza waamuzi walikuwa wachache. Katika miaka ya 1890 kwa kawaida mechi ya ligi kuu ilikuwa na mwamuzi mmoja, na macho yake yalipaswa kuufuata mpira. Nyuma ya mgongo wake kila mtu alifanya alivyotaka. Baltimore Orioles, mabingwa wa 1894 hadi 1896, walisifika kwa ujanja huo, na mlinzi wao wa kituo cha tatu, John McGraw, husimuliwa kuwa alikuwa akiwashika wakimbiaji mkanda wa suruali wasiondoke. Inasimuliwa pia kwamba mmoja alifungua mkanda wake mapema, akachomoka, akamwacha McGraw ameushika mkononi. Ni kuanzia 1952 tu ambapo kila mechi ya ligi kuu ilipata waamuzi wanne. Lakini kufikia wakati huo mazoea yalikuwa yameota mizizi: mdakaji anaziba mlango hata kama hana mpira, mkimbiaji anainamisha bega na kuja kama fahali. Watazamaji walipenda. Mwamuzi aliangalia kitu kimoja tu, mpira umedondoka au haukudondoka.

Tarehe 14 Julai 1970, Cincinnati, katika mechi ya nyota, yaani mechi ya kufurahisha watu, haina kombe la ubingwa wala pointi za ligi, Pete Rose alimvaa mdakaji Ray Fosse katika kipindi cha 12. Timu ya Rose ikashinda 5 kwa 4. Fosse alikuwa na miaka 23, na bega lake la kushoto lilivunjika. Aliendelea kucheza, ila wengi husema hakuwa tena yule wa mwanzo. Mwamuzi hakuona kosa, na kwa kanuni za wakati ule kosa halikuwepo. Picha ile ilirudiwa kwenye televisheni miaka na miaka kama mfano wa uanaume. Ndugu msomaji, hili ndilo linaloniuma katika historia hii yote: bega la kijana lilikuwa burudani kwa miaka 44.

Kilichobadilisha mambo ni mguu wa mtu mkubwa. Buster Posey wa San Francisco Giants, chipukizi bora wa ligi yake mwaka 2010, alivunjwa mguu tarehe 25 Mei 2011 na Scott Cousins wa Florida Marlins, nao ulikuwa mwisho wa msimu wake. Cousins hakuadhibiwa, ingawa alipokea vitisho vya kuuawa. Safari hii malalamiko hayakuzimika. Tarehe 24 Februari 2014 ligi kuu ya Marekani ikatangaza kanuni mpya: mkimbiaji asiiache njia yake ya moja kwa moja ili amgonge mdakaji, akifanya hivyo ametoka hata kama mpira umedondoka, na mdakaji asiye na mpira asizibe mlango, isipokuwa kama mpira wenyewe ndio uliompeleka hapo.

Sasa mwamuzi ajue vipi kama mkimbiaji alitaka kugonga? Mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na wengi mnaosoma kurasa hizi mnataka hivyo hivyo. Sisi tunajipa ruhusa ya kuingia mioyoni mwa watu. Mwamuzi hana ruhusa hiyo. Kanuni inamwambia atazame mwili: je, aliteremsha bega? Alisukuma kwa mikono au kiwiko? Kama aliteleza kwa miguu, je, makalio na miguu viligusa ardhi kabla ya kugongana? Basi. Nikisoma hadithi zetu zenye "alikuwa na chuki kubwa moyoni", siku hizi natamani mwandishi angenionyesha bega.

Haikwenda vizuri mara moja. Kuna wakimbiaji waliokuwa wameshawahiwa kabisa lakini wakapewa pointi kwa sababu mdakaji aliweka mguu vibaya, na Septemba ya mwaka huo huo ligi ililazimika kutoa ufafanuzi. Vituo vingine vilisahauliwa pia. Tarehe 10 Oktoba 2015 Chase Utley wa Los Angeles Dodgers alimtelezea Ruben Tejada wa New York Mets kwenye kituo cha pili akamvunja mguu, na baada ya kutazama video waamuzi wakaamua kwamba Tejada hakuwa amekigusa kituo, kwa hiyo Utley yuko salama! Mvunjaji alibaki uwanjani, aliyevunjwa akabebwa. Kanuni ya kuteleza kihalali ikaja 2016: uguse ardhi kabla ya kituo, uweze kukifikia kituo na kubaki hapo, usibadilishe njia ili umpate mtu.

Mwaka huo huo wa 2016 ligi ya kulipwa ya Japani nayo ilianza kutumia kanuni ya migongano. Naitaja Japani kwa sababu besiboli ya shule zetu ilitoka huko. Mjapani Shinya Tomonari alianza kuwafundisha wanafunzi wa Dar es Salaam mwaka 2012, katika shule za Azania na Kibasila, na kuwapa maneno matatu ya kushika: nidhamu, heshima, haki. Mashindano yao yakaitwa Koshien ya Tanzania, kwa jina la uwanja wa mashindano ya shule za sekondari ya Wajapani, yaliyoanza Agosti 1915. (Mwezi mmoja tu kabla ya hapo manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa huku kwetu deltani.) Mwaka 2018 kiwanja maalumu cha besiboli kikafunguliwa hapo Azania.

Na watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa wametangulia. Mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, huko Williamsport, Pennsylvania. Walicheza chini ya kanuni ya ligi ya watoto: ukimkuta mlinzi ana mpira na anakusubiri, teleza au mzunguke. Wakati watoto hao wakizunguka, watu wazima wa ligi kuu walikuwa bado wanaruhusiwa kugonga.