Daktari Aliyeacha Dawa Akashika Moto

Siku hizi video zimejaa za wasanii wakichoma mbao na karatasi kwa moto wa gesi, wanabandika mabaki kwenye turubai, wanamwagia gundi na rangi, halafu mtu anasema amebuni kitu kipya. Wasee, tuheshimu wazee. Hii kitu ina karibu miaka 70.

Mwenyewe ni Alberto Burri. Alizaliwa 1915 huko Città di Castello, mji mdogo Italia. Hakusomea sanaa. Alisomea udaktari, akamaliza 1940, vita vikamchukua akawa daktari wa jeshi. Mwaka 1943 alishikwa mateka Tunisia, akasafirishwa hadi kambi ya Hereford, Texas.

Kama umewahi kupita Mai Mahiu ukaona lile kanisa dogo kando ya barabara, basi unawajua hawa watu kiasi. Lilijengwa na mateka Waitaliano mwaka 1942, wakati Waingereza wanawatumia kutengeneza barabara. Wenzao kina Burri ndio waliishia Marekani.

Huko kambini ndiko alianza kuchora. Vifaa vilikuwa shida, so akachora juu ya magunia. Aliporudi kwao 1946 hakurudi hospitali. Alienda Roma kuchora, na mwaka uliofuata akafanya maonyesho yake ya kwanza.

Mwanzoni kazi zake zilikuwa magunia yaliyoraruka, ameyashona na kuyaweka viraka. Kuna watu walikasirika sana. Mwaka 1959 gunia lake moja lililotundikwa kwenye jumba la taifa la sanaa Roma lilizua swali hadi bungeni. Imagine, wabunge wanajadili gunia!

Lakini kufikia hapo alikuwa ashaingia kwa moto. Katikati ya miaka ya 1950 alianza kuchoma karatasi na mbao nyembamba, kisha akachomelea mabati kama fundi wa jua kali. Miaka ya 1960 ikawa plastiki. Alikuwa anatandaza nailoni, anaipitishia moto, inajikunja, inatoboka, kingo zinabaki nyeusi na ngumu. Hakuchora picha ya moto. Yale mashimo na mikunjo ndiyo picha yenyewe, na kazi yake ilikuwa kujua aondoe moto sekunde gani.

Wengi wamesema ni yule daktari bado anashona vidonda vya vita. Burri mwenyewe alikataa hiyo stori, akasisitiza ni umbo na nafasi tu. Mimi namwamini nusu. Mtu aliyeshona majeruhi halafu akashona magunia, mikono yake lazima ilikumbuka kitu, hata kama yeye hakutaka kuongea.

Sasa niwaambie ukweli wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na nilipomsoma Burri mara ya kwanza nilifurahi vibaya. Nilipanga kumwonyesha baba: ona, hata huyu aliacha. Lakini nikisoma vizuri stori inanigeuka. Huyu jamaa hakuacha shule. Alimaliza digrii, akafanya kazi, akapoteza miaka kambini, ndipo akachagua. Na akishachagua, alikaa kwa hiyo kazi hadi alipofariki 1995. Baba angeniuliza swali moja tu: na wewe umekaa na nini?

Jibu langu kwa sasa ni ubao mmoja. Wa kwanza niliuchoma uani nikirekodi, nikaangalia simu badala ya moto, ukawa majivu na mathe akanipigia kelele. Wa pili pia uliungua. Wa tatu niliweka simu kando, nikamwagia maji mapema, na nilipopaka gundi na chokaa kwenye zile nyufa ndipo nikaelewa kidogo Burri alikuwa anatafuta nini. Hiyo haiko kwa video yoyote.

Kwa hivyo ukitaka kujaribu, jaribu. Anza na mbao au karatasi, fanyia nje, weka ndoo ya maji karibu. Plastiki achana nayo, moshi wake ni sumu. Halafu usinitumie clip ya moto ukiwaka. Nitumie picha ya kile kilichobaki, na uniambie ulichoma ngapi kabla ya hiyo.