Tumbo la Mtumbwi: Mahali pa Kuweka Vitu katika Uvuvi wa Ziwa Viktoria, Upande wa Uganda

Wanahistoria wanapoandika juu ya mitumbwi ya Ziwa Viktoria hupenda kutaja urefu wake na wingi wa wapiga makafi. Mimi katika insha hii nauliza jambo dogo zaidi: mvuvi aliweka wapi vitu vyake? Nina maana ya nyavu, maji ya kunywa, chai, na samaki mwenyewe baada ya kuvuliwa. Naamini kwamba ukifuata swali hilo utaona ni nani aliyefaidika na ziwa letu, ambalo Waganda tunaliita Nalubaale, na ni nani aliyebaki ufukweni mikono mitupu.

Mabaharia wa pwani wana neno feuli, yaani sehemu ya nyuma ya chombo inayowekewa mizigo. Mtumbwi wa Ssese haukuwa na feuli. Mkuku wake ulichongwa kwa gogo moja lililotokeza mbele kama pua, na mbao za ubavuni zilishonwa kwa nyuzi za mimea bila msumari hata mmoja. Ulikuwa mtumbwi wa fahari. Kabaka alikuwa na mkuu wa mitumbwi aliyeitwa Gabunga, wa ukoo wa Mamba, na Stanley aliiona mitumbwi hiyo kwa wingi mwaka 1875 wakati Muteesa wa Kwanza alipopigana na watu wa Buvuma. Lakini nafasi yote ndani yake ilikuwa ya watu. Mpiga kafi alikaa karibu na mwenzake, na kwa kuwa mbao zilizoshonwa huvuja, mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuchota maji na kuyamwaga nje. Kitu kilichowekwa chini kililowa. Kwa mvuvi wa wakati huo hilo halikuwa tatizo kubwa: alitumia mitego na ndoana karibu na ufuko, na samaki wake walifika nyumbani kabla hawajaharibika.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1905, nyavu za makila za nyuzi za kitani zilipoletwa katika ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya. Wavu wa namna hiyo ukilowa ni mzito na unataka mahali pake, kwa maana ukichanganyika na miguu ya watu unaweza kumvuta mtu majini. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, nyepesi na imara, na mashine za kufunga nyuma ya mtumbwi. Hapo mafundi walifanya jambo ambalo babu zao wasingekubali: walikata tezi ya mtumbwi ikawa bapa ili mashine ipate pa kukaa. Misumari nayo ilichukua nafasi ya nyuzi. Mashine ilipunguza wapiga makafi, nafasi zao zikabaki wazi, na nafasi ikibaki wazi katika mtumbwi haikosi mwenyewe.

Kitu cha kwanza kuingia hapo kilikuwa dumu, au jerikeni. Historia yake inachekesha kidogo. Wajerumani walilibuni kwa chuma katika miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi lao, lita 20, lenye mikono mitatu ili mtu mmoja aweze kushika mawili matupu kwa mkono mmoja. Waingereza waliokuwa wakiwaita Wajerumani “Jerry” waliliiga vitani, na jina likabaki. Siku hizi kwetu ni la plastiki, mara nyingi la njano, lililokuja na mafuta ya kupikia. Katika mtumbwi hubeba petroli na maji ya kunywa. Likikatwa juu huwa upo wa kuchotea maji. Likikatwa ubavuni na kufungwa kwa kamba kwenye taruma huwa kabati: humo huwekwa kiberiti, chupa ya chai, na simu iliyofungwa katika mfuko wa plastiki tunaouita kaveera. Nchini Marekani boti ndogo za kuvulia huuzwa zikiwa tayari na matundu ya kusimamishia vikombe. Baria wetu, yaani kibarua wa mtumbwini (neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalisikia kama baharia), hujitengenezea tundu lake kwa kisu.

Hata hivyo, kilichogeuza maisha ya watu ni sanduku la barafu. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980. Tangu mwishoni mwa miaka hiyo vikajengwa viwanda vya minofu ya kuuza Ulaya. Kiwanda hakitaki samaki aliyelegea, na kwa joto letu samaki asiye na barafu haifiki siku ya pili akiwa mzuri. Basi mitumbwi mikubwa ya kukusanya samaki visiwani ikawekewa sanduku katikati: kuta mbili, kati yake kitu cha kuzuia joto, na tundu la kutolea maji chini. Ushauri wa kawaida kwa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Maana yake nusu ya uzito ndani ya sanduku si samaki. Kwa hiyo sanduku lilikaa chini na katikati, ili mtumbwi usipinduke, na mashine ikahitaji nguvu zaidi, na nguvu zaidi ilihitaji fedha.

Fedha hizo wavuvi wengi hawakuwa nazo. Wachuuzi na viwanda walikopesha barafu, nyavu na mashine, nao walilipwa kwa samaki kwa bei waliyoipanga wenyewe. Waliopoteza zaidi ni wanawake. Kabla ya sanduku, samaki aliyefika ufukweni jioni ilikuwa lazima auzwe upesi, na mwanamke mwenye tanuri la kukaushia kwa moshi alikuwa mnunuzi wa uhakika. Baada ya sanduku, samaki aliweza kungoja lori. Wanawake wengi wakahamia kwenye mifupa iliyotoka viwandani, ile inayoitwa mgongo wazi, wakaikaanga na kuiuza kwa maskini wenzao.

Mwezi Machi 1999 Ulaya ilisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa letu kwa kuhofia kwamba baadhi walivuliwa kwa sumu. Biashara iliporudi, masharti ya usafi yalikazwa, na samaki wa kupelekwa kiwandani hakutakiwa tena kulala chini kwenye maji ya ngama. Mwaka 2017 wanajeshi walipewa kazi ya kulinda uvuvi Uganda. Mtumbwi usiofika futi 28 haukuruhusiwa, na mingi midogo ilichomwa moto ufukweni pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Kwa ule mrefu ulioruhusiwa, mahali pa kwanza askari alipofunua palikuwa sanduku, akiwa na kipimo cha sangara mkononi: sentimita 50.