Paka Huyu Hana Mkia

Mpwa wangu anaishi Utah, Marekani. Kipupwe kimoja alinitumia picha kwenye simu: chombo cha rangi ya machungwa kimeegeshwa nyuma ya ghala, nusu kimefukiwa na theluji. Kibanda cha bati chenye vioo, kimekalia mikanda miwili mipana kama ya kifaru cha jeshi. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Huyu paka wa theluji anauzwa. Nimchukue?"

Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza: paka gani?

Sikuwa namtania. Huyo paka amezaliwa na neno "snowcat", linalotaja gari la kupitia juu ya theluji nene, na ukilivunja vipande viwili bila kuuliza vimetoka wapi utapata mnyama. Kipande cha kwanza hakina ugomvi, ni theluji. Cha pili ndicho chenye hila. Kimekatwa kutoka "caterpillar", yaani kiwavi. Tarehe 24 Novemba 1904, Benjamin Holt wa Stockton, California, alilijaribu trekta la mvuke ambalo magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yameondolewa na kuwekewa mikanda ya mbao na cheni, ili lisizame katika ardhi laini ya mashamba ya huko. Inasimuliwa kwamba mpiga picha mmoja alipoliona likijongea alisema linatambaa kama kiwavi. Holt akalipenda jina, akalisajili mwaka 1910, na mwaka 1925 likawa jina la kampuni nzima.

Kwa hiyo tuseme kiwavi wa theluji? Hapana, maana kazi hiyo Kiswahili kilishaimaliza bila kikao cha baraza lolote. Mashine inayotembea kwa mikanda, iwe inachonga barabara au inang'oa visiki, watu wetu huiita katapila, wala hawaulizi imetengenezwa na nani. Jina la kampuni limekuwa jina la aina, kama mama anavyomtuma mtoto dukani akalete Omo, mtoto akarudi na sabuni ya unga ya jina jingine na asigombwe. Katapila la theluji, basi. Ngeli nayo inatulia. Ukisema paka, sarufi inakulazimisha useme "ameuzwa" na "amegoma kuwaka", na hapo msomaji anamtafuta mkia. Katapila limegoma, hilo fundi yeyote anaelewa.

Mchezo wa Omo umetokea kule pia, na mnunuzi asiyeujua unamlia fedha. Sno-Cat, kwa tahajia hiyo, ni jina la kibiashara la kampuni ya Tucker, ambayo makao yake ni Medford, Oregon. Emmitt Tucker aliunda gari lenye mikanda minne, kila mmoja ukiwa kwenye kona yake, nalo hukata kona kwa kugeuza ekseli zote mbili kwa usukani. Magari manne ya namna hiyo, ya modeli 743, ndiyo aliyoyachukua Vivian Fuchs kuvuka bara la Antaktika. Alianza safari tarehe 24 Novemba 1957, siku na mwezi uleule wa jaribio la Holt, akamaliza siku ya 99, tarehe 2 Machi 1958, baada ya kilomita zipatazo 3,470. Iko picha mashuhuri ya mojawapo likiwa limening'inia juu ya ufa wa barafu, mkanda mmoja ukielea hewani. (Aliyemtangulia Fuchs kufika Ncha ya Kusini katika safari hiyo, Edmund Hillary, alikwenda na matrekta ya shamba ya Ferguson yaliyofungwa mikanda. Wakulima wetu watafurahi kusikia.) Sifa ile iling'ang'ania jina, na leo muuzaji anaweza kuita chochote chenye mikanda kwa jina hilo na kukitajia bei yake.

Nikamwambia mpwa wangu ahesabu mikanda kabla ya kusoma maandishi. Minne, huenda ni Tucker. Miwili nyuma na ski mbele, kibanda cha mviringo chenye madirisha ya duara kama ya meli, huyo ni Bombardier wa Kanada, B12 au ndugu yake. Miwili mitupu, endelea kuuliza. La kwake lilikuwa na miwili mitupu, na ndani halikuwa na usukani bali fimbo mbili: ukivuta ya kushoto, mkanda wa kushoto unapunguzwa mwendo na gari linaelekea huko. Kibati cha utambulisho kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu manne ya skrubu.

Umbo lilikuwa la Spryte, gari lililozaliwa Logan, Utah, si mbali na anapoishi, katika kampuni ya Thiokol, watu haohao waliokuwa wakitengeneza injini za roketi. Na hapa kibati kina umuhimu wake. Mwaka 1978 Thiokol iliuza kitengo chake cha magari ya theluji kwa John DeLorean, magari yakaanza kutoka na herufi DMC. Baadaye yakawa LMC, hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2000. Familia ni moja, majina matatu. Herufi DMC zilikaa pia kwenye gari lake maarufu la chuma kisicho na rangi, lile la milango inayofunguka kwenda juu, na wapo watakaokuongezea bei kwa ajili ya undugu huo. Ni undugu wa jina tu.

Tulipofika kwenye bei, tulikwama tena kwenye neno. Gari kuukuu, la mtumba, mkweche, la zamani: Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno kwa kitu kilichotumika, na karibu yote yanashusha thamani. Anayeuza katapila la mwaka 1965 anataka neno linaloipandisha. Ninalo moja: kongwe. Mkongwe ana umri na bado ana heshima yake barazani. Mkweche una umri tu. Mthamini anayepima katapila la theluji, kwa kweli, anaamua lipi kati ya maneno hayo mawili linalifaa, na hawezi kuamua akiwa amesimama. Sharti alale chali chini ya gari.

Huko chini kuna istilahi nyingine inayotukosesha. Tumezoea kusema cheni au mnyororo, kwa sababu katapila la barabarani lina mnyororo wa chuma kweli. Matucker ya zamani, kama yale ya Fuchs, nayo yana ngazi za chuma zinazozunguka. Lakini mengi mengine yana mikanda ya mpira iliyounganishwa kwa vyuma vilivyokingama, na vyuma hivyo ndivyo vinavyouma theluji. Navyo nimeviita mataruma. Neno ni la mafundi wa majahazi, wanaoita hivyo mbavu za chombo, na mafundi wa reli hulitumia kwa vipande vinavyolala chini ya vyuma vya njia. Kazi ni ileile: kukingama na kushika.

Mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Unapasuka, matundu ya bolti yanapanuka, taruma linalegea, na seti mpya ya mikanda inaweza kuikaribia bei ya gari zima. Ndiyo maana injini huangaliwa mwisho, jambo linalomshangaza kila aliyezoea kununua magari ya barabarani. Injini ya Spryte ilitoka Ford, na vipuri vyake au mbadala wake havisumbui kupatikana. Diferensha inayogawa nguvu kwa fimbo zile mbili ndiyo ya kuogopa: breki zake ziko ndani ya nyumba yake, na kuzifikia ni kazi ya siku kadhaa. Kwa hiyo, ukiwa bado hujalipa, litembeze, vuta kushoto, vuta kulia, uone kama linageuka sawasawa pande zote. Mita ya saa, kwa kuwa magari haya huhesabiwa kwa saa za kazi, isome kama hadithi, hasa ikiwa imesimama kwenye tarakimu ndogo inayopendeza.

Mpwa wangu alirudi Jumamosi na tochi na turubai la kulalia. Jioni akanitumia picha ishirini za tumbo la gari na ujumbe: "Mjomba, mataruma matatu yamekatika, mkanda wa kulia umepasuka sehemu mbili, fimbo ya kushoto inashika vizuri. Injini haiwaki. Muuzaji amepunguza nusu nzima kwa sababu ya injini."

Nikamwambia asimwambie mtu habari ya injini.