Kinyago Kilichoachwa Nje: Jando la Kikristo, Utani na Huduma ya Kuchekesha Masasi na Newala

Katika miaka ya karibuni wanafunzi wetu wa theolojia wamekuwa wakiuliza kama mchekeshaji anaweza kuhesabiwa miongoni mwa watumishi wa ibada. Swali hili wamelipata katika vitabu vya Marekani, ambako mchungaji wa Kilutheri Floyd Shaffer alianza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kuingia kanisani akiwa amepakwa rangi usoni na kuvaa mavazi ya chale, akihudumu bila kutamka neno. Kabla yake, mwaka 1964, katika maonyesho ya kimataifa ya New York, Waprotestanti wa mji ule walionyesha filamu iitwayo *Parable*, ambamo mtu wa sarakasi aliyepakwa uso mweupe anabeba mizigo ya wengine na hatimaye anauawa. Watu wengi walikasirika. Wengine walitoka wakilia. Tangu hapo jambo hili limekuwa na wafuasi, vitabu vyake na semina zake.

Makala hii haikusudii kuwaalika Wamarekani waje kutufundisha kuchekesha. Nia yake ni kuonyesha kwamba swali hilo liliwahi kufika kwetu, kusini mwa nchi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba lilijibiwa nusu tu.

Masasi ilianza kuwa kituo cha Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa katika utumwa. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara, waliivamia, wakaua, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Sehemu ya jumuiya hiyo ilihamia Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Wamakonde unaotazama bonde la Ruvuma, chini ya ulinzi wa chifu Matola. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, kituo cha Masasi kilichomwa tena. Kanisa la kusini, basi, lilikua kati ya watu waliojua hofu kwa macho yao, nao walikuwa mchanganyiko: Wamakua, Wayao, Wamakonde, Wamwera, na wazao wa mateka ambao makabila yao yalikuwa mbali.

Mwaka uliofuata Maji Maji, yaani 1906, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za kutembea. Alikusanya vinyago na kuandika juu ya jando na unyago. Huko Mahuta alimwona mcheza ngongoti akiwa amefunika uso kwa kinyago, mrefu kuliko paa za nyumba. Weule alikuwa mtu wa majira yake, na maneno yake juu ya wenyeji mara nyingi hayapendezi kusomwa. Hata hivyo tunamshukuru kwa sababu aliyaandika aliyoyaona kabla Kanisa halijaanza kuyagusa.

Hebu tueleze kinyago chenyewe, kwa maana wasomaji wengi wa kaskazini wanavijua vinyago vya Kimakonde kama vitu vya kuuzia watalii. Kinyago cha ngoma huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Mchezaji wake huitwa lipiko, kwa wingi mapiko. Upande wa Newala jina midimu pia husikika. Mwili wake wote hufunikwa kwa nguo, hata vidole visionekane, ili asiwepo mtu wa kusema, "Huyu ni fulani." Kwa wanawake na watoto, lipiko ni kitu kilichotoka kwa wafu. Hukimbiza, hutisha, kisha ghafula hutembea kama kikongwe mwenye maumivu ya kiuno, au kama karani aliyeshiba, na uwanja wote hucheka. Wachongaji hawakuishia kwa mababu. Walichonga Mwarabu, Mhindi mwenye duka, mzungu mwenye kofia. Mtu ambaye hangethubutu kumjibu mkubwa wa boma mchana, alimwona jioni akicheza mbele ya wanakijiji, pua yake ikiwa imerefushwa kwa patasi.

Lakini jambo kuu hutokea jandoni. Huko mvulana huletwa mbele ya lipiko aliyemwogopa tangu utotoni, na siri hufunuliwa: chini ya kinyago kuna mtu, pengine mjomba wake. Hofu ya miaka kumi huondoka kwa tendo moja. Kuanzia siku hiyo yeye ni mwanamume, na ameapishwa asiwaambie wanawake.

Vincent Lucas alifika Masasi mwaka 1909, akawa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, na akaitumikia hadi 1944. Alikuta tatizo ambalo kila mchungaji wa kusini alilijua. Mvulana Mkristo aliyekatazwa jando alibaki mtoto machoni pa watu wake, hata akiwa na ndevu. Hangeweza kuoa kwa heshima wala kusikilizwa barazani. Kwa hiyo wavulana walikwenda kwa siri katika jando la jadi, au katika jando la Waislamu, na baadhi yao hawakurudi kanisani. Wabenediktini, waliofungua Ndanda mwaka 1906, mwanzoni walishika njia ya kukataza. Lucas, pamoja na makasisi Waafrika ambao bila wao asingejua pa kuanzia, alishika njia nyingine. Kuanzia 1913 palikuwa na jando la Kikristo: mahali palibarikiwa, sala zikashika nafasi ya matambiko ya mababu, kasisi akawa pamoja na vijana, mafundisho ya Kikristo yakaunganishwa na mafundisho ya wazee, na siku ya kutoka vijana wakapokewa na Kanisa. Mwaka 1928 aliueleza mpango huu katika insha iliyosomwa sana Uingereza. Kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wamisionari wanaume hawakuwa na njia ya kuingia, na wanawake wenye unyago wao hawakuona sababu ya kuwaachia wengine.

Sisi Walutheri tunaye mtu wa kulinganisha naye, Bruno Gutmann wa Old Moshi, ambaye katika miaka hiyohiyo alikuwa akijenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika. Wote wawili walisifiwa, na wote wawili walilaumiwa kwamba waliupenda Uafrika wa jana kuliko Mwafrika wa leo. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini si ninayoitaka hapa.

Lucas alifanya uchaguzi. Alitenganisha lililo jema na lililo chafu, akaondoa lililo chafu. Nyimbo za matusi na michezo ya aibu zilitoka. Hakuna mchungaji atakayemlaumu kwa hilo, maana baadhi ya mambo hayo kweli yaliwadhalilisha wanawake. Lakini angalia kilichobaki: nidhamu, utii kwa wazee, usafi wa mwili, mafundisho ya mwenendo, sala. Haya yote ni mema, na yote yanafanana sana na shule nzuri ya bweni ya Kiingereza. Kicheko kilihesabiwa kuwa pambo la jando, nacho kikaachwa nje pamoja na uchafu. Kinyago hakikupewa mahali katika ibada.

Kwa maoni yangu, katika mambo yote ya mila za uwanda wa Makonde, lile la kufunuliwa kwa lipiko lilikuwa karibu na Injili kuliko yote. Mtume Paulo anawaambia Wakolosai kwamba msalabani Kristo alizivua enzi na mamlaka na kuzifanya kuwa onyesho mbele ya watu (Kol. 2:15). Hilo ni lugha ya kuvua. Kile kilichotutisha, tulichodhani kimetoka katika ulimwengu wa wafu na kina nguvu juu yetu, kinavuliwa nguo na kuonekana kilivyo. Mzee wa Newala asiyejua kusoma angemwelewa Paulo hapa upesi kuliko mwanafunzi wa Ulaya, iwapo mhubiri angethubutu kumwambia: mwaikumbuka siku ile mlipoonyeshwa uso wa lipiko?

Tofauti nayo isifichwe. Jandoni siri hufunuliwa kwa wavulana peke yao, ili waendelee kuwatisha dada na mama zao. Wale waliokombolewa katika hofu wanakuwa walinzi wa hofu. Paulo anasema mbele ya watu wote. Kwa hiyo lipiko wa Kikristo, kama angekuwepo, angekuwa yule anayevua kinyago katikati ya uwanja, wanawake na watoto wakitazama, hata asibaki mtu mmoja wa kutishwa naye. Naam, hilo lingewakasirisha wazee kuliko marufuku yoyote ya wamisionari. Marufuku ilikiacha kinyago na siri yake. Kufunua hadharani kungeimaliza siri, na kicheko kingebaki.

Je, mambo haya ni mageni kwa Walutheri? Mwaka 1520, katika barua yake kwa wakuu wa taifa la Kijerumani, Martin Luther alijitolea kuwa mjinga wa barazani, yule mchekeshaji wa mfalme aliyeruhusiwa kusema ukweli. Akaongeza kwa mzaha kwamba hahitaji kununuliwa kofia ya kazi hiyo, kwa kuwa akiwa mtawa tayari anayo. Huyu ni mtu yuleyule aliyefundisha Heidelberg mwaka 1518 juu ya theolojia ya msalaba. Hayakuwa mambo mawili. Ikiwa Mungu amejificha katika udhaifu na aibu, anayemtangaza hana budi kuonekana kituko. Paulo alikwisha kuitwaa nafasi hiyo kwa Wakorintho, alipojisifu kwa makusudi kama mpumbavu ili kuwaaibisha waliojisifu kwa dhati (2 Kor. 11).

Upande wa pili, mwaka huohuo wa 1518, Johannes Oecolampadius, ambaye baadaye aliliongoza Kanisa la Basel katika Matengenezo, aliandika dhidi ya wahubiri waliowachekesha watu siku ya Pasaka kwa kuiga mlio wa ndege na kusimulia visa vya upuuzi. Desturi hiyo ilikuwa na asili njema, kicheko cha ushindi juu ya mauti, lakini ilikuwa imegeuka kelele. Nadhani Oecolampadius alikuwa na haki. Hata leo tunao wahubiri ambao mzaha wao hauna kazi ila kuwafanya wapendwe, na wanaochekwa katika mahubiri yao ni mke, mlevi na mtu wa kabila jingine. Mzaha wa aina hiyo ulikuwepo hata Yerusalemu: askari walimvika Yesu joho na taji ya miiba wakampigia magoti (Mt. 27:27-31). Wenye nguvu walimfanya chale mtu aliyefungwa. Basi kabla ya kumruhusu mchekeshaji kupanda madhabahuni tumwulize anayecheka ni nani, na anayechekwa ni nani.

Kwa kipimo hicho tunaye mhudumu ambaye hakusubiri ruhusa yetu, naye ni mtani. Mchungaji yeyote aliyezika watu kusini amekutana naye. Wakati waombolezaji wanalia, yeye anatembea kwa mwendo wa marehemu, anasema kwa sauti yake, anadai madeni yake. Hulala kwenye njia ya jeneza au hushuka kaburini, akikataa kutoka mpaka alipwe. Mjane anacheka huku machozi yakimtoka. Wapo watumishi wanaomfukuza kwa jina la heshima ya ibada.

Hao wafikiri mambo mawili. Kwanza, utani katika sehemu nyingi za Tanzania huelezwa kuwa umezaliwa na vita au na safari: waliouana, au waliokutana njiani wakiwa wageni, waliwekeana haki ya kutukanana bila kukasirika. Miongoni mwa wanaohesabiwa watani na jamaa nyingi za kusini wamo Wangoni, wajukuu wa wale waliochoma Masasi mwaka 1882. Mjukuu wa mshambuliaji anaruhusiwa kumtukana mjukuu wa mateka, naye anajibiwa kwa tusi zuri zaidi, kisha wanakula pamoja. Sijui ni mkutano gani wa upatanisho ulioandaliwa na kamati zetu ambao umefika mbali hivyo.

Pili, mtani hana mzaha tu. Kwa desturi katika jamaa nyingi yeye ndiye anayefanya kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzifanya kwa uchungu: kuosha maiti, kuchimba kaburi, kuchota maji, kupika. Haki yake ya kucheka inatokana na mikono yake kuwa michafu kwa udongo. Floyd Shaffer na wenzake walihitaji kupaka rangi na kufundisha kwamba chale ni mtumishi. Kwa mtani mambo hayo mawili hayajawahi kutengana.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, nalo ni la utaratibu. Liturgia yetu ya mazishi ina sehemu tatu: nyumbani, kanisani na kaburini. Sehemu ya kanisani ni ya Neno, na mtani mwenyewe kwa kawaida hunyamaza humo. Kati ya mlango wa kanisa na kaburi ipo njia, na hapo kitabu chetu hakiagizi lolote ila wimbo. Hapo ndipo apewe nafasi, kwa kupatana na wafiwa mapema, kwa masharti kwamba asimguse mjane kwa maneno ya aibu na asidai fedha ambazo familia haina. Akishuka kaburini, mchungaji angoje. Atakapotoka, na udongo ukiwa bado magotini pake, tusome 1 Kor. 15:55, mahali ambapo Paulo mwenyewe anaitania mauti.